Mama, Nitilie: Neno na Picha Yake

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kuletewa habari za methali, za majina ya miti, na za desturi za arusi na matanga. Leo twataka kuwaletea habari ya michoro ya wanafunzi, nasi twajua ya kuwa wako watakaouliza, Michoro ya vijana ina nini hata iandikiwe? Twawaomba wavumilie kidogo. Michoro hiyo yahusu jambo ambalo kila mwalimu na kila mchungaji wa upande huu alijua kwa tumbo lake, yaani vibanda vya chakula vilivyo kando ya barabara; na tulipoitazama tuliona ya kuwa jambo tulijualo kwa tumbo hatukulijua kwa macho. Tena sisi wenyewe tulikosa katika kuihukumu, na kosa hilo ndilo lililotutia kuandika.

Mambo yalikuwa hivi. Shule moja ya sekondari iliyo katika mitelemko ya Mlima Meru, si mbali na Nkoaranga, iliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya muhula mzima: kuvisifu kwa picha vibanda vya jadi vya chakula vya kando ya barabara. Kila mmoja alitakiwa achague kibanda kimoja, akichore kwa penseli au kwa rangi, na kuandika chini ya picha maneno yasiyozidi kumi. Michoro ikatundikwa katika chumba cha darasa siku ya wazazi, nasi tukaitwa pamoja na wenzetu wawili tuwe waamuzi. Shauri la mwalimu aliyetoa kazi hii twalisifu tangu mwanzo. Ni vigumu kumfundisha mtu kuchora, lakini ni vigumu zaidi kumfundisha kwamba kitu akipitacho kila siku chastahili kuchorwa.

Kabla ya kuitazama michoro, yafaa tuyatazame maneno, kwa maana mchoraji aghalabu huchora kile alichofundishwa kukiita. Mahali pa kula palipo njiani pana majina mengi katika lugha yetu. Liko neno hoteli, ambalo katika vinywa vya watu wetu si lazima liwe na vitanda; mtu akisema amekula hotelini, yumkini alikaa juu ya fomu chini ya bati moja. Liko neno mgahawa, ambalo wengine husema mkahawa, nalo limezaliwa na kahawa: hapo kwanza palikuwa mahali pa kunywa kahawa, kisha sufuria ya wali ikaingia nyuma ya birika, wala jina halikubadilika. Liko genge, lenye maana ya kundi la watu, na tena maana ya mahali pauzwapo chakula cha watu wa kazi. Kiko na kibanda, ambalo ni jina la jengo tu, wala halituambii kitendekacho ndani yake.

Lakini jina lililoyashinda yote katika Tanzania nzima ni mama ntilie, nalo lina ajabu yake. Kwa asili si jina, bali ni sentensi. Mzizi wake ni tia. Ukimtia mtu kitu kwa ajili yake, wamtilia. Na mwenye njaa, ashikapo sahani yake mbele ya sufuria, husema, Mama, nitilie. Kwa kusemwa upesi, irabu ya kwanza imemezwa, ikabaki ntilie. Wafanya kazi wengi huitwa kwa kazi waifanyayo: mwashi huwaka, mvuvi huvua, mshoni hushona. Mpishi huyu wa njiani haitwi kwa kazi aifanyayo. Aitwa kwa neno aambiwalo na mwingine. Jina lake limetoka katika kinywa cha mteja.

Wako walioliona jina hili kuwa la dharau, wakaleta lingine, mama lishe, na siku hizi twasikia hata baba lishe. Hilo latoka katika kula, lisha, lishe. Na lishe pia ni neno la hospitali na la shule, maana yake chakula kiujengacho mwili. Ndilo jina lipendwalo katika maandishi ya serikali na katika hotuba. Desemba 2018, vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo vilipoanza kutolewa nchini, kila kimoja kwa shilingi 20,000, wapishi hawa walihesabiwa miongoni mwa waliohusika, na jina walilotajwa nalo lilikuwa mama lishe. Hatusemi ya kuwa jina hili ni baya. Lina heshima, na heshima si kitu kidogo kwa mtu atukanwaye na kila apitaye. Lakini tuangalie lililopotea. Katika mama lishe mlaji amekwisha kutoka. Amebaki mama na kazi yake, akitazamwa na mtu wa tatu aliyesimama mbali. Katika mama ntilie wamo watu wawili, na sahani iko kati yao.

Basi hicho ndicho kipimo tulichoingia nacho darasani, na ndicho tunachokitetea katika maandishi haya: picha ya kibanda cha chakula ni picha ya watu wawili na kitu kipitacho kati yao, hata kama mmoja wao haonekani. Mchoro ukikosa jambo hilo, haidhuru rangi zake ni nzuri namna gani, ni picha ya jengo.

Jambo la pili la kuuliza ni hili neno jadi, ambalo shule ililitia katika kichwa cha kazi. Je, kibanda cha chakula ni cha jadi? Wazee wa mlima huu wangecheka. Katika desturi yao chakula kilichopikwa hakikuuzwa. Mpita njia aliyefika migombani alikaribishwa, akala kilichokuwapo, na aliyemwuzia mgeni ndizi zilizokwisha kupikwa angalionekana kuwa mtu wa ajabu. Kuuza chakula cha sufuria ni mtoto wa barabara na wa soko. Watu walipoanza kwenda mbali na nyumbani kwa kazi ya mshahara, kwa shule, kwa hospitali na kwa basi, ndipo alipohitajiwa mtu wa kuwapikia wasio ndugu zake. Kwa hiyo mwanafunzi aliyetafuta jadi katika jengo alipotea tangu hatua ya kwanza, kwa kuwa jengo ni nguzo nne, bati na turubai, na turubai si la babu.

Walakini jadi ipo, ila imekaa mahali pengine. Imekaa kwanza katika vyakula. Nenda Tengeru siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, uzunguke nyuma ya marundo ya ndizi na maparachichi, utaona sufuria za makande, mtori wa ndizi na nyama, na loshoro, yaani mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa ya mgando, chakula ambacho Waarusha na Wameru hawahitaji kufundishwa utamu wake. Kando yake utaona wali na maharage, chapati na maandazi, vilivyokuja kutoka pwani kwa njia ile ile ambayo lugha hii ilikuja. Imekaa pili katika adabu. Mama yule auza, lakini husema karibu kabla hajasema bei. Humimina maji mikononi mwako kabla hajajua una fedha kiasi gani. Nawe walipa ukiisha kula, si kabla. Maana yake amekuamini kwa muda wa sahani moja. Ukarimu wa migombani haukufa barabarani. Umejifunza kuhesabu tu. Mwenye kuchora na achore hayo.

Sasa tuje kwenye michoro yenyewe. Iliyo mingi ilikuwa ya namna moja, wala hatuoni haja ya kuieleza mmoja mmoja. Mlima umesimama nyuma, jua lashuka kwa rangi ya chungwa, mti wa mgunga umetandaza matawi yake. Mbele yake kuna kibanda cha majani cha mviringo, ambacho kwa hakika hatujapata kukiona kando ya barabara ya Arusha na Moshi. Na mlangoni amesimama mama mwenye kanga nyekundu akicheka, mikono yake haina kitu. Wengine walimwongeza kijana mwenye shuka na mkuki, ambaye hakuja kula. Hapana moshi. Hapana beseni la vyombo vichafu. Hapana mtu aliyeketi. Mama huyo amtazama nani? Amtazama mtu mwenye kamera.

Twajua picha hizi zimetoka wapi. Arusha ni mji wa wageni waendao mbugani, na maduka yake ya vinyago yamejaa picha za namna hiyo. Wengi huzihesabu zote kuwa kazi ya Tingatinga, na hapo hatuna budi kumtetea marehemu. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru, alianza kupaka picha Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mbao laini za dari. Akafa mwaka 1972, akiwa amefanya kazi hiyo miaka minne tu. Yeye alichora kwa macho yake mwenyewe, na kwamba aliwauzia wageni si aibu, kwa maana mama ntilie naye auza. Waliomfuata, ndugu zake na wanafunzi wake, wameifanya kazi hiyo kuwa chakula cha jamaa nyingi, nao twawapa heshima yao. Aibu ni ya yule akopiye nakala ya nakala, hata mtoto aliyekula maandazi njiani asubuhi ile ile achora kibanda kama mtu aliyeshuka kwenye ndege jana.

Wala si kwamba mlima wetu haukuwa na walimu wa kuufundisha jicho. Sam Ntiro, Mchaga aliyezaliwa mwaka 1923, alisoma Makerere katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Bibi Margaret Trowell, kisha akaenda London katika shule ya Slade. Na baada ya uhuru akawa balozi wetu wa kwanza huko Uingereza. Maisha yake yote alichora mambo ya nyumbani: mavuno, soko, ujenzi wa nyumba, pombe ya ndizi. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na makumbusho ya sanaa za kisasa ya New York. Katika picha zake watu ni wengi na wadogo, nyuso zao hazikuchorwa kwa kina, na wako wanaomlaumu kwa hilo. Sisi hatumlaumu. Watu wake wana kazi mikononi, na kila kazi yaelekea kwa mtu mwingine. Pombe ile ina mtu aipelekaye na mtu apelekewaye.

Wa pili ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, mwaka 1932, naye pia mwanafunzi wa Makerere. Kazi yake iliyo kubwa iko Kenya, katika kanisa la ukumbusho la Murang'a, mahali palipoitwa Fort Hall siku zile. Hapo alichora kutani picha tano za maisha ya Bwana, tangu kuzaliwa hata msalaba, akaimaliza kazi mwaka 1959. Na watu wa picha hizo, na nchi yao, ni Afrika. Mojawapo ni karamu ya mwisho. Wachungaji watatuelewa tukisema ya kuwa kuchora karamu ile ni kazi ngumu kwa sababu moja: chakula chenyewe ni kidogo, mkate na kikombe, na mchoraji hana la kujificha nyuma yake. Lazima achore kutoa na kupokea, au asichore kitu. Hatumfananishi mama wa Tengeru na fumbo la meza ya Bwana. Twasema tu kwamba katika kazi ya mkono wa mchoraji tabu ni ile ile.

Turudi darasani. Namna ya pili ya michoro ilikuwa ya wanafunzi wenye bidii, waliochora vibao. Walinakili orodha ya vyakula kwa herufi nzuri zilizopigwa rula: ugali, wali, maharage, dagaa, mchicha, chai ya rangi, chai ya maziwa. Hapa tulifurahi, kwa kuwa kibao ni maandishi ya watu wasioandikiwa na mtu, na mpenda lugha hawezi kukipita. Lakini furaha yetu ilipunguka tulipoona ya kuwa vibao vyote vilikuwa havina kosa hata moja. Sisi tulipita njia ile ile tukaja, tukaona palipoandikwa maarage bila h, na ugari kwa r mahali pa l. Tulipouliza, wanafunzi walisema wamesahihisha, kwa kuwa mchoro ni wa shule. Tulisikitika, na sikitiko letu lilikuwa na haya ndani yake, kwa maana sisi ndio tuliowafundisha. Ile r na ile h iliyopotea si uchafu wa kufutwa. Zatuonyesha lugha ya mama ya yule aliyeandika, na kwamba aliandika kwa sikio lake. Katika daftari la imla na zisahihishwe. Katika picha, mwenye kusahihisha kibao amemfuta mwandishi wake.

Michoro miwili ilikuwa mbali na yote. Wa kwanza ulichorwa na msichana, kwa penseli tupu. Ni meza iliyotandikwa nailoni yenye maua, imechorwa kutoka upande wa aliyeketi kula. Juu, kwenye nguzo, kuna kipande cha boksi kilichoandikwa methali ile iliyobandikwa katika maduka mengi: Kukopa arusi, kulipa matanga. Chini ya methali, juu ya meza, kati ya kijaluba cha chumvi na chupa ya chai, lipo daftari la shule lililofunguliwa, lenye safu ya majina na tarakimu, na penseli fupi imefungwa kwa uzi. Mkono wa mama waonekana mpaka kiwiko tu, umeshika upawa. Mchuzi wamiminika. Sahani iko mbele yetu sisi watazamaji.

Huyu ameona. Methali yasema hapana mkopo. Daftari lasema mkopo upo, tena ni wa watu wengi. Na mkono waendelea kutia. Msichana hakuandika ya kuwa mama huyu ni mkarimu, wala hakumchora akicheka. Alichora mambo mawili yasiyopatana na kuyaacha yakae pamoja, kama yanavyokaa kweli katika kila kibanda. Na kwa kumkata mama kiwikoni alitulazimisha kukaa mahali pa mlaji. Tuna neno moja la kumlaumu: mistari ya maua ya nailoni ilimpendeza mno, akaitia nguvu kuliko mkono wenyewe, hata jicho lachelewa kufika penye upawa. Hilo ni kosa la mtu afurahiaye kazi yake, nalo litapungua. Tulimpa nafasi ya kwanza, wala hatujutii.

Mchoro wa pili ndio uliotuaibisha. Ulikuwa wa mvulana, umepakwa kwa rangi ya maji. Mbele kuna uwanja wa udongo mwekundu uliofagiliwa, mistari ya ufagio yaonekana. Katikati kuna mafiga matatu yenye majivu. Pembeni pana mashimo manne ya nguzo. Upande wa kushoto umesimama ubao mmoja uliobaki, na juu ya ubao huo kuna X kubwa ya rangi nyekundu. Hapana mtu, hapana sufuria. Chini yameandikwa maneno mawili: Mama, nitilie.

Sisi waamuzi watatu, wote walimu wa miaka mingi, tulipoiona X ile tulidhani mwalimu wake ameupiga mchoro kosa kwa wino mwekundu. Tukaafikiana naye. Tukasema, Hakufuata maagizo. Aliambiwa asifu kibanda, naye hakuchora kibanda wala chakula. Tukampa alama ya mwisho. Kazi yote ilituchukua muda usiofika dakika moja.

Juma lililofuata tulikuwa katika basi dogo tukielekea Arusha, likasimama kupakia watu. Dirishani petu palikuwa na kibanda cha mbao, na juu ya ubao wake X nyekundu, ile ile. Kila mkazi wa kando ya barabara kuu aijua alama hiyo: ni ishara ya kwamba jengo limesimama katika hifadhi ya barabara na litaondolewa. Sisi pia tulikuwa tukiijua. Lakini macho yetu yamezoea daftari mno, hata tulipoiona darasani tuliisoma kwa maana ya darasa.

Habari ya hifadhi hiyo yafaa ielezwe kwa haki. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu, toka mita 22.5 hata mita 30 kila upande, kupimwa kutoka katikati ya barabara. Katika miaka ya 2010 barabara ya Sakina mpaka Tengeru, kilometa 14 hivi, ikapanuliwa iwe ya njia mbili kwenda na mbili kurudi. Tena mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo katika miji mingi ya nchi waliondolewa kandokando ya njia na kupelekwa sehemu zilizotengwa. Hatuandiki kinyume cha barabara. Sisi tuliowabeba wagonjwa kutoka mlimani katika matope twajua thamani ya lami. Wala hatusemi ya kuwa kupika katika vumbi, hatua chache kutoka kwenye magurudumu ya malori, ni jambo la kutamaniwa. Twasema tu kwamba kazi ya kuvisifu vibanda, ikitolewa mahali na wakati huu, haiwezi kujifanya haioni X. Sifa isiyojua ya kuwa kitu chaweza kuondoka ni sifa ya kadi ya posta. Katika darasa zima mvulana mmoja tu aliliona hilo, naye ndiye tuliyemweka nyuma ya wote.

Tuliporudi shuleni tuliambiwa ya kuwa matokeo yamekwisha kutangazwa, hayabadilishwi. Basi tulimwomba mvulana radhi mbele ya wenzake. Akajibu, Si kitu, Mwalimu. Tulimwuliza kama mama huyo ni mzazi wake. Akasema siye, wala si ndugu. Alikuwa akinunua maandazi kwake njiani kwenda shule, na siku alipokuta mahali pale pamefagiliwa alikuwa bado na deni la maandazi mawili. Hajui alikohamia.

Sasa twautazama mchoro tena kwa kipimo chetu, nao wakitimiza. Mlaji yumo, kwa maana ndiye asemaye yale maneno mawili. Sahani imo, kwa kuwa ombi limo. Aliyeondoka ni mtiaji, na hata yeye hakuondoka kabisa, kwa sababu uwanja umefagiliwa. Mtu aliyeamriwa kuhama alichukua ufagio kwanza. Mistari ile ya ufagio, ambayo sisi tuliiona kuwa upungufu wa kazi, ni sifa iliyo kubwa kuliko kanga zote nyekundu zilizotundikwa ukutani siku ile.

Wenzetu watakaotoa kazi ya namna hii, hasa sasa ambapo mtaala mpya umeifungulia sanaa mlango katika mkondo wa amali, twawashauri mambo matatu. La kwanza, mwanafunzi na akae kibandani kabla hajachora, ale, aoshe sahani moja, atazame nani anakopa na nani analipa. La pili, maandishi ya kibao yanakiliwe kama yalivyo, pamoja na makosa yake, na mwalimu wa Kiswahili ajizuie. La tatu, mwamuzi asitoe alama siku ile ile. Mchoro na ukae juma zima ukutani, naye apite barabarani mara mbili, aende na kurudi, ndipo arudi na kalamu yake.

Nasi twaomba jambo moja kwa wasomaji walio Machame, Marangu, Usa River, Mbulu na kwingineko. Waandike majina ambayo watu wa kwao huwaita wauza chakula wa njiani, na majina ya vyakula vinavyopatikana hapo, pamoja na maneno yasemwayo na mlaji anapoinua sahani yake. Waandike kama wasikiavyo, wala wasisahihishe, na watuletee, maana vibanda vyahama upesi, na maneno ya vibandani huhama navyo.